Mama Aliyeitwa Jokofu

Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kwa hali ambayo Kiswahili huiita usonji, yaani namna ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano ya mtu, uhusiano wake na wenzake na jinsi anavyopokea sauti, mwanga au mguso, lilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyelitumia kwa wagonjwa wazima waliojitenga na ulimwengu na kuzama katika fikra zao. Mwaka 1943 Leo Kanner, aliyehamia Marekani mwaka 1924 na baadaye kuanzisha kliniki ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alilihamishia kwa watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao kwa maoni yake walikuwa na hali ya aina moja isiyokuwa imepewa jina. Huko Moscow, daktari Grunya Sukhareva alikuwa amekwisha kueleza watoto wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1920, lakini maandishi yake hayakupata wasomaji wengi nje ya nchi yake, na sifa ikamwendea Kanner.

Mtoto wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimboni Mississippi, ambaye baba yake, mwanasheria, alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 akieleza jinsi mwanawe alivyohesabu, alivyozungusha vitu na alivyofurahia kuachwa peke yake. Sehemu kubwa ya maelezo ya Kanner kuhusu mtoto huyo ilitoka katika barua hiyo. Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba wazazi walioona kabla ya daktari ndio waliopandishwa kizimbani. Kanner alihitimisha kuwa watoto hao walizaliwa na hali hiyo, lakini papo hapo akadokeza kuwa wazazi wao, ambao karibu wote walikuwa wasomi, hawakuwa na bashasha, na kufikia mwaka 1949 alikuwa akilinganisha malezi yao na jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Mawazo hayo mawili hayakukaa vizuri katika chungu kimoja, lakini lile la pili lilipata moto zaidi, kwa kuwa zama hizo tiba ya akili nchini Marekani ilitawaliwa na nadharia zilizotafuta chanzo cha kila tatizo la mtoto katika mapenzi, au ukosefu wa mapenzi, ya mama.

Aliyelieneza wazo hilo kuliko wote ni Bruno Bettelheim, mzaliwa wa Vienna aliyewahi kufungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1967 alifananisha kujifungia kwa mtoto mwenye usonji na hali ya mfungwa aliyekata tamaa kambini. Ulinganisho huo ulimweka mama mahali pa askari wa kambi, na tiba iliyofuata mantiki yake ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake.

Kosa la kuwalaumu wazazi lilianzia mlangoni mwa kliniki. Katika miaka ya 1930 na 1940, aliyeweza kumfikisha mtoto wake kwa bingwa wa Baltimore alikuwa mzazi mwenye kisomo, fedha na ujasiri wa kubishana na madaktari wa kwao, hivyo usomi wa wazazi ulieleza njia iliyoelekea kwa Kanner, wala haukueleza chanzo cha usonji. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, aliichambua nadharia ya lawama katika kitabu cha mwaka 1964, ambacho Kanner mwenyewe alikiandikia dibaji, na mwaka uliofuata akashiriki kuunda chama cha kitaifa cha wazazi. Mbele ya chama hicho, mwaka 1969, Kanner aliwatakasa wazazi hadharani. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha: kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili, na kati ya jozi 10 za wasiofanana haikuwapo hata moja, jambo lililoelekeza macho kwenye urithi wa kibaolojia.

Tatizo la mlango lilijirudia Afrika. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili za nchi 6, Kenya ikiwamo, ambamo kati ya watoto zaidi ya 1,300 aliwatambua 9 tu kuwa na usonji; hesabu hiyo ingeweza kusomwa kama ushahidi kwamba usonji ni jambo la nchi tajiri, ilhali watoto waliobaki nyumbani hawakuhesabiwa na mtu. Hata hospitali haikuwa mlango pekee: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu pwani ya Kenya uliwakuta wazazi na wataalamu wakitaja kama vyanzo mapepo, uchawi na laana, pamoja na maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi, na wakieleza kuwa mtoto yuleyule hupelekwa hospitalini, kwa mganga na kwenye maombi.