Neno na Kidonge

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini ndugu msomaji, katika saratani aliyeficha mara nyingi hakuwa mgonjwa, bali daktari. Mwaka 1961 madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa juu ya jambo hili, na asilimia 90 walijibu kwamba hupendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Sasa, utamliwazaje mtu kwa msiba uliomficha? Swali lilelile lilipoulizwa tena Marekani mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kusema kweli. Hapo ndipo mazungumzo yalipowezekana.

Dawa nazo zilikuwa zimekwisha kuingia. Mnamo 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini huwainua watu waliozama katika sononi. Lakini wagonjwa wa saratani walisahauliwa, kwa kuwa huzuni yao ilionekana ni haki yao. Hata kwetu husemwa, "Nani asingehuzunika?" Kwangu mimi, hiyo ni huruma inayomnyima mtu tiba. Kwani mvunjika mguu naye ana haki ya kuumwa, ila hatumwachi bila kumfunga bandeji.

Daktari Jimmie Holland aliyeanzisha huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, New York, mwaka 1977, aliikataa dhana hiyo. Mwaka 1983 uchunguzi wa wagonjwa 215 katika vituo vitatu vya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 47 walikuwa na tatizo la akili linalotambulika kitabibu. Wengi wao walikuwa wakihangaika kuizoea hali mpya. Waliobaki walikuwa na maradhi mazito zaidi, sononi ikiwamo.

Basi tumpe mgonjwa neno au kidonge? Jibu lililonitosheleza lilitoka Uskoti mwaka 2014. Wagonjwa 500 wa saratani wenye sononi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliachiwa huduma ya kawaida. La pili lilipewa dawa pamoja na mazungumzo ya kutatua matatizo na kurudia shughuli za maisha, wakihudumiwa na wauguzi waliofunzwa, chini ya madaktari wa akili. Baada ya wiki 24, dalili zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 62 ya kundi hilo. Katika kundi la kwanza, asilimia 17 tu.

Si kwamba kila kidonge chafaa. Paroksetini, kwa mfano, huuzuia mwili usiigeuze vyema tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, ili ifanye kazi. Kwa hiyo daktari wa akili na wa saratani hawana budi kushauriana.

Nami nimejifunza kwamba kuuliza "Moyo wako u hali gani?" ni sehemu ya matibabu. Tukimuuguza ndugu yetu, tumuulize hivyo. Na akijibu kwamba umezama, tumpeleke kwa wanaojua kuuinua.