Ekinodemu: jina la miiba kwa wasio na miiba

Ekinodemu ni jina la kitaalamu la kundi moja kubwa la wanyama wa baharini. Humo wamo viti vya pweza, jongoo bahari na wale wa duara wenye miiba wanaochoma nyayo mwambani. Wamo pia ofiuroidi, wenye mikono myembamba inayokatika upesi, na krinoidi, wanaodhaniwa kuwa maua. Spishi zilizo hai ni kama 7,000.

Asili ya neno ni Kigiriki: ekinos ni kalunguyeye, derma ni ngozi. Jacob Theodor Klein alilitumia mwaka 1734 kwa wale wa duara, na kwao lilikaa sawasawa. Wataalamu waliofuata wakalipanua hadi likawafunika na jamaa ambao hawana hata mwiba mmoja wa kuonyesha. Ndiyo maana tafsiri ya “wenye ngozi ya miiba” hainiridhishi, japo inasomeka vizuri.

Mshike jongoo mchanga, yule anayefugwa katika vizimba vya nyavu huko Unguja. Mwili ni mnene, laini. Mifupa yake imebaki chembe za chokaa zilizotapakaa ndani ya ngozi, na kuziona kunataka hadubini. Mwanafunzi aliyekaririshwa miiba atamtoa jongoo kwenye kundi, na tafsiri ndiyo itakayokuwa imemponza. Hata kwa wale wa duara, mwiba ni sehemu ya mifupa, nao huvikwa ngozi nyembamba mnyama akiwa hai.

Kinachowaunganisha hasa ni maji. Mgeuze kiti cha pweza taratibu, umtazame tumboni. Chini ya kila mkono kuna mfereji, na ndani yake safu za vijiguu laini vinavyopapasa huku na huku. Kila kijiguu kimeunganishwa na kifuko kilichojaa maji. Kifuko kikibanwa, kijiguu hurefuka, kama mpira wa kitonesho cha dawa unavyosukuma tone. Maji hayo huzunguka katika mishipa yake yenyewe, na mgongoni kuna kibamba chenye vitundu kinachoiunganisha na bahari. Kwa vijiguu hivyo mnyama hutembea, hushika mwamba na hufungua kome kwa kuvuta bila kuchoka.

La pili ni tano. Kiti cha pweza wa kawaida ana mikono mitano, wa duara ana meno matano, na jongoo ana mikanda mitano ya misuli kutoka kichwani hadi nyuma. Lakini kiluwiluwi chao huanza maisha na pande mbili, kulia na kushoto, kama sisi. Ukuaji wa kiinitete chao unawaweka karibu na wanyama wenye uti wa mgongo kuliko walivyo karibu na kaa au konokono. Kwa hiyo kiti cha pweza ni jamaa yetu kuliko alivyo jamaa ya pweza aliyempa jina!

Na wote ni wa chumvi, kwa kuwa hawana njia ya maana ya kudhibiti chumvi mwilini. Ziwa Tanganyika lina konyeza wake wa maji baridi, lakini kiti cha pweza hutampata humo.

Kwa jina la kundi, basi, tuandike ekinodemu, neno lisilomwahidi msomaji miiba. Kwa mnyama mmoja mmoja tusiende mbali: kiti cha pweza anatosha, na “samaki nyota” aachwe, maana si samaki. Wavuvi wa jongoo wana majina ya aina zao, jongoo mchanga na pauni yakiwemo. Anayehitaji jina moja la kitabuni ni yule wa duara. Kwa mfano wa jongoo bahari, napendekeza kalunguyeye bahari. Haja ipo: kwenye miamba ya Kenya ambako kikande na samaki wengine wanaomla wamevuliwa kupita kiasi, yeye huongezeka na kuyaguguna matumbawe, na habari hiyo inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili. Kama kijijini kwenu ana jina lililo bora, watunga kamusi walichukue hilo, langu waliache.