Tarakimu Ishirini

Ukinunua umeme Dar es Salaam leo, simu inapokea ujumbe wenye tarakimu 20. Unazibonyeza kwenye rimoti ya mita, mita inazikubali, uniti zinaongezeka. Watu wengi huufuta ujumbe hapo hapo. Mimi huutazama kwanza, maana ndani ya namba hiyo mna kiasi cha uniti ulizolipia, dakika namba ilipotengenezwa, na alama za kuhakikisha hakuna tarakimu iliyokosewa. Vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Ndiyo sababu namba ya jirani haiingii kwako, na yako ukiirudia mara ya pili inakataliwa. Jiji hili liliunganishwa kwa data kabla intaneti haijafika majumbani mwetu, na waya wake ulikuwa vidole vyetu.

Umeme wenyewe uliingia mjini mwaka 1908, Wajerumani walipoufunga kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Mwaka 1931 zikaanzishwa kampuni mbili binafsi: DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam, na TANESCO. Serikali ya nchi huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 TANESCO yote ilikuwa mali ya umma. Kwa miaka hiyo yote mita ilikuwa ya gurudumu. Msoma mita alipita na daftari lake, bili ikaja baadaye.

Mimi ni mtoto wa Magomeni. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, na mita moja ukutani kwa wote. Bili ilipofika, mama mwenye nyumba alituita uani. Kila chumba kilihesabiwa taa zake. Mwenye feni aliongeza kidogo, mwenye pasi akaongeza zaidi, na mpangaji wa chumba cha mbele aliyekuwa akiuza barafu za watoto alitakiwa kubeba mzigo kuliko wote. Hakuna aliyekubali hesabu ya mwenzake. Nani angejua feni iliwaka usiku mzima au saa mbili? Tulikuwa na namba moja tu, ya mwezi mzima, nayo ilifika wakati umeme ulishatumika na hapakuwa na cha kuokoa. Nimeshuhudia watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakinuniana kwa sababu ya namba hiyo.

Dawa ilitoka Afrika Kusini, na inafaa kukumbuka ilitoka katika mazingira gani. Miaka ya 1980, wakazi wa vitongoji vya Waafrika kama Soweto waligoma kulipa kodi za nyumba na ankara za huduma, wakiupinga utawala wa makaburu. Eskom, shirika la umeme la huko, lilitaka kuuza umeme kwa kaya nyingi mpya bila kutegemea bili, tena mahali ambapo mita isingeweza kuunganishwa hata na simu ya mezani. Wahandisi wakabuni mita yenye vitufe. Mashine ya dukani inatoa namba, mnunuzi anaibeba kwenye karatasi hadi nyumbani, mita inaifungua yenyewe bila kuuliza popote. Dakika zilizofungwa ndani ya namba zikaanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Kwa hiyo mita hii ilibuniwa kwanza ili pesa itangulie. Faida alizopata mtumiaji zilikuja nyuma yake, na ni kubwa, lakini nitarudi kwenye hilo la pesa.

Kwetu iliingia katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Ndani ya nyumba za kupanga ilibadilisha maisha kwa namna ambayo sijaona ikiandikwa vya kutosha. Mita mpya ilionyesha uniti zilizobaki, sasa hivi, mbele ya macho ya yeyote. Asubuhi mtoto alitumwa kusoma, jioni akasoma tena. Kina mama waliwatangulia mafundi kujua ni kitu gani kinakula umeme: pasi na hita ya kuchemshia maji. Wakaanza kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja. Ugomvi haukwisha, ila ulihamia kwenye zamu ya kununua, na ugomvi wa zamu unaamulika, kwa kuwa kila mtu anaiona namba ile ile kwa wakati ule ule.

Kilichosumbua ni kununua. Ulipaswa kwenda ofisi ya TANESCO au kwenye kituo cha mauzo chenye mashine, upange foleni, urudi na kipande cha karatasi. Uniti zikiisha usiku, ulilala gizani. Kisha mwaka 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania, mitandao mingine ikafuata na huduma zake, na katika miaka iliyofuata karatasi ikageuka ujumbe wa simu. Hapa ndipo ninapoona teknolojia ikimfaa mtu wa mjini kwelikweli. Fundi cherehani anaweza kununua umeme wa shilingi elfu mbili saa tano usiku akamaliza gauni linalotakiwa alfajiri. Kijana aliyehamia Mwanza anamnunulia mama yake aliye Temeke, kisha anampigia na kumtajia tarakimu nne nne: "Sifuri tano tatu saba, umeandika mama?" Mama anarudia, anaandika kwenye ukingo wa kalenda, anamwita mjukuu abonyeze. Mita ile ile ya zamani, isiyo na mawasiliano yoyote, ikawa imeunganishwa na Mwanza.

Lakini data huona kile ilichowekwa ikione. Bei zilizoanza mwaka 2016 ziliwapa nafuu watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati mteja wa kawaida wa nyumbani alilipa 292. Ni sera njema. Ila mfumo unahesabu mita, hauhesabu kaya. Nyumba kama yetu ya Magomeni, familia sita kwenye mita moja, kila moja ikiwasha taa mbili na redio na labda friji ya kuchangia, huvuka uniti 75 mwezi haujafika nusu. Familia sita zenye kipato kidogo zinalipa bei ya mtu mwenye uwezo. Anayekaa peke yake kwenye mita yake, hata kama ana gari nje, anaweza kupata ile nafuu.

Mwaka 2021 mita ikaongezewa kazi ya pili. Kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye ikapanda kufikia 1,500. Kwa mkusanyaji ni njia rahisi kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na jengo si lake. Yeye ndiye anayekatwa, na akitaka pesa yake inambidi akakae chini na mwenye nyumba wamalizane, mtu ambaye ana uwezo wa kumwambia atafute kwingine. Mfumo ulijua namba ya mita ukadhani umemjua mwenye jengo.

Mwaka 2024 tulipata kuona jinsi namba hizi zilivyotufunga pamoja na dunia. Nafasi iliyotengwa ya kuhesabia dakika tangu 1993 ilitosha dakika milioni 16 na ushei, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita zenye hesabu hiyo, katika nchi nyingi, zilipaswa kubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo. Kwetu mteja alinunua umeme akapokea makundi matatu ya tarakimu 20, ayaingize kwa mpangilio. Tarakimu 60! Miezi hiyo nilimwona kijana wa duka la mtaani kwetu akiacha biashara yake kila jioni kwenda kuwaingizia wazee wasioona vizuri. Kazi kubwa ya uhandisi ya jiji zima ilifanywa na wajukuu na majirani, bila malipo.

Baada ya ushirikiano huo wote, mita hizo bado hazisemi chochote. Umeme ukikatika mtaani, anayejua ni sisi. Tunaulizana kwenye kundi la WhatsApp, "Kwenu upo?", kisha mmoja anapiga simu kutoa taarifa. Mfumo unaojua hadi dakika uliyonunua uniti haujui kwamba uniti hizo umelala nazo gizani. Inawezekana nyama ya muuza bucha imeharibika, inawezekana kompyuta ya kijana wa duka la steshenari imeungua kwa umeme kupungua na kurudi kwa nguvu, na hakuna mahali palipoandikwa saa wala dakika.

Mita janja, zinazoweza kupeleka na kupokea habari zenyewe, sasa zinaanza kufungwa. Hizo zinaweza kutoa taarifa umeme unapokatika na unapodhoofika. Ninachokitaka, kabla hazijapewa kazi nyingine ya kukusanya chochote, ni vitu viwili. Saa za kukatika kwa umeme katika kila transfoma zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali muuza bucha anapoweza kuzisoma na kwenda nazo kudai. Na nyumba ya familia sita iandikishwe kwenye mfumo kuwa ya familia sita, ile nafuu ya uniti 75 ihesabiwe mara sita.