Bambo na Ilimba: Historia ya Neno "Sampuli" katika Muziki wa Kompyuta

Apitaye Gairo siku ya soko, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, huweza kumwona mnunuzi wa mahindi akizunguka magunia na bambo mkononi. Bambo huchomwa ubavuni mwa gunia, punje chache zikatiririka kiganjani, na kwa punje hizo mnunuzi hukata shauri juu ya gunia zima. Punje hizo ndizo sampuli. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi neno hilo lilivyosafiri kutoka kwenye gunia hadi kwenye mafaili ya ala za muziki yatumiwayo na kompyuta, na jinsi mimi, mfanyakazi wa istilahi, nilivyolitumia vibaya kwa sababu sikuichunguza safari hiyo.

Kisa chenyewe

Nilikuwa nimefasiri mwongozo mfupi wa kutengeneza na kuhariri mafaili ya ala. Kazi hiyo, kwa maneno machache, ni hii: sauti za ala halisi hunaswa mojamoja, husafishwa na kukatwa, kisha kila sauti hupangiwa kibonyezo chake katika kinanda. Mpigaji abonyezapo, programu humrudishia sauti ile iliyonaswa. Mwongozo wangu ukawafikia vijana wachache wa Gairo. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, iko mpakani mwa Ukaguru na Ugogo, na Wakaguru na Wagogo huishi humo pamoja. Vijana hao walikuwa na kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na ilimba waliyoazimwa na mzee mmoja wa Kigogo.

Waliufuata mwongozo neno kwa neno. Nami nilikwenda kuwatazama nikidhani nakwenda kupokea shukrani. Mzee aliketishwa mbele ya kompyuta, akasikilizishwa, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, chuma ni changu, lakini ilimba si hii." Tulipochunguza pamoja tuliona makosa matatu, na yote matatu yalitoka katika Kiswahili changu.

Safari ya neno

Kiswahili kililipokea neno "sampuli" zamani. Katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya namna au aina, kama tusemavyo "mtu wa sampuli ile". Katika biashara ya mazao ni kiasi kidogo kinachoonyeshwa badala ya shehena nzima. Hospitalini twatoa sampuli ya damu. Watafiti nao huteua sampuli ya watu ili wapate kuusemea umma. Katika matumizi haya matatu ya mwisho wazo ni moja: kichache kinakiwakilisha kingi, kwa sababu kichache hicho kimetoka katika kitu cha namna moja.

Wahandisi wa simu walilichukua wazo hilo katika karne ya 20 wakalipa kazi nyingine. Waliuliza: sauti ipitayo katika waya yapaswa kupimwa mara ngapi kwa sekunde ili iweze kuundwa upya bila kupotea? Harry Nyquist aliweka msingi wa jibu mwaka 1928, na Claude Shannon alilithibitisha kwa hisabati mwaka 1949: idadi ya vipimo lazima izidi mara mbili ya mitetemo ya sauti iliyo juu kabisa. Sikio la binadamu husikia mpaka kadiri ya mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ndiyo maana santuri ndogo za kidijiti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huangukia mojawapo ya ngazi 65,536. Kwa Kiingereza kila kimoja cha vipimo hivyo huitwa kwa jina lile lile la punje za gunia.

Wanamuziki nao walikuwa wakienda njia yao. Mwaka 1963 kule Birmingham, Uingereza, kilianza kutengenezwa kinanda kiitwacho Mellotron. Chini ya kila kibonyezo palikuwa na utepe wenye sauti iliyonaswa, nao uliweza kusikika kwa sekunde nane hivi. Mwaka 1979 Peter Vogel na Kim Ryrie wa Sydney, Australia, walitoa Fairlight CMI, kompyuta ya muziki iliyoweza kunasa sauti yoyote kwa tarakimu na kuipiga kwa kinanda. Mwaka 1981 ikafuata Emulator ya Marekani, iliyokuwa na bei nafuu zaidi. Kwa kuwa ala hizi zilinasa sauti kwa njia ya vipimo vya wahandisi, kipande kizima cha sauti kilichonaswa nacho kikapewa jina lile lile. Baadaye mashine ikawa programu: mwaka 1998 GigaSampler ilianza kusoma sauti moja kwa moja kutoka katika diski ya kompyuta, na mwaka 2002 Kontakt ikatokea Ujerumani.

Hivyo ndivyo neno moja la Kiingereza lilivyobeba mambo mawili: kipimo kimoja kisichosikika, na kipande cha sauti chenye maelfu ya vipimo hivyo. Sauti ya sekunde tatu ni kipande kimoja, lakini ina vipimo 132,300. Mwingereza hutambua maana kwa kuangalia muktadha. Kijana wa Gairo hakuwa na muktadha; alikuwa na tafsiri yangu.

Kosa la kwanza: sampuli

Katika ukurasa mmoja nilikuwa nimeandika, "Chukua sampuli 44,100 kwa sekunde." Katika ukurasa mwingine niliandika, "Kadiri sampuli zinavyokuwa nyingi ndivyo ala inavyofanana na asili yake." Vijana wale waliziunganisha sentensi hizo kwa akili timamu: ikiwa sekunde moja ina sampuli 44,100, basi sauti moja yatosha. Wakanasa chuma kimoja tu cha ilimba, wakaiachia programu iivute sauti hiyo juu na chini ili kuvijaza vibonyezo vingine.

Hapo ndipo hasara ilipokuwa kubwa. Programu huchukulia kwamba oktavu imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, kama piano. Ilimba haiko hivyo. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba sauti za Kigogo hufuata mfululizo wa kimaumbile wa mitetemo, kwa uwiano wa 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10. Tukigawa nusu toni ya piano katika sehemu 100, sauti ya 5 iko chini ya ile ya piano kwa sehemu 14 hivi, na sauti ya 7 iko chini kwa sehemu 31, yaani karibu theluthi moja ya nusu toni. Huyu si mpigaji aliyekosea. Huu ni mfumo kamili, uliosikika duniani kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003. Kwa kulivuta chuma moja tulikuwa tumeufuta mfumo huo na kuweka piano yenye mlio wa chuma.

Punje za gunia moja hufanana. Vyuma vya ilimba havifanani. Bambo halifai kwa ilimba. Kila chuma chapaswa kunaswa peke yake, na kuwekwa katika kidatu chake chenyewe bila kusogezwa.

Kosa la pili: kelele

Mwongozo uliagiza kwamba baada ya kunasa, "kelele" ziondolewe. Neno hilo nililitoa katika kamusi bila kusita. Lakini mtengenezaji wa ilimba hutoboa tundu katika ubao wake, akalifunika kwa utando wa buibui. Chuma kikipigwa, utando hutetemeka na kutoa mvumo mwembamba unaoizunguka sauti. Kwa sikio la kigeni ni takataka. Kwa Mgogo sauti isiyo na mvumo huo haijakamilika. Vijana waliusikia mvumo, wakasoma neno "kelele", wakaufuta.

Wahandisi walipozungumza habari ya kelele katika simu walikuwa na maana ya kitu kilichoingia njiani, kisichotumwa na msemaji. Maana hiyo Kiswahili chaweza kuieleza barabara kwa kusema "sauti ngeni": gari lipitalo, upepo katika kipaza sauti, mngurumo wa umeme. Mvumo wa utando si mgeni, ni mwenyeji.

Kosa la tatu: kasi

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya utaratibu wa MIDI, ambao hupima wepesi wa kidole kushuka juu ya kibonyezo kwa namba zisizozidi 127. Kidole kikishuka upesi sauti huwa kubwa. Kwa hiyo ala nzuri hunaswa mara kadhaa: kwa kugusa kidogo, kwa wastani, na kwa nguvu. Mimi niliita "tabaka za kasi". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa fizikia lakini si sahihi kwa mpiga muziki, ambaye kwake kasi ni mwendo wa wimbo. Vijana walinasa sauti kwa kupiga polepole, halafu kwa kupiga harakaharaka. Lau ningeandika "tabaka za nguvu" yasingetokea hayo.

Mapendekezo

Sisemi kwamba istilahi zifuatazo zimekwisha kusanifiwa. Nazitoa ili zijadiliwe. Kipimo kimoja cha sauti kiitwe "kipimo", na idadi yake "vipimo kwa sekunde". Kipande cha sauti kilichonaswa ndicho kiitwe "sampuli". Sehemu ya sampuli inayorudiwarudiwa iitwe "kitanzi", kama ilivyo katika programu za kompyuta. Nacho kisitumiwe kwa ilimba, ambayo sauti yake hufifia yenyewe. Kwa juu na chini ya sauti, tuazime "kidatu" kutoka kwa wanaisimu. Kuhusu programu yenyewe, wengine wangependa "kicheza sampuli". Mimi napendelea "kipiga sampuli", kwa kuwa katika Kiswahili ala hupigwa. Aichezaye ngoma ni yule aliye uwanjani.

Wapo watakaouliza kama jambo hili lastahili karatasi ya Baraza. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 kunasa nyimbo na ala, alizichukua kama zilivyopigwa, na zingali zaweza kusikika. Faili la ala ni jambo jingine: atakayelipokea hatasikiliza tu, atatunga nalo. Kosa likiwa ndani ya faili, litakuwa ndani ya kila wimbo utakaotungwa, na mtungaji aliye mbali na Ugogo hatajua kwamba lipo.

Mwongozo nimeuandika upya. Vijana walianza tena kazi yao, chuma kwa chuma, kila kimoja kwa nguvu tatu, na utando ukiwa mahali pake. Safari hii mzee hakungoja kazi iishe. Aliketi karibu na kipaza sauti tangu asubuhi, na kila walipotaka kufuta kitu, walimwuliza kwanza kama ni mgeni au ni mwenyeji.