Uso Mkavu: Kumsoma Binyavanga Wainaina Kutoka Bungoma na Kitale

Agosti ya kila mwaka wa shufwa, Bungoma hailali. Kijana wa Kibukusu anayesubiri kutahiriwa huwazungukia jamaa zake akipiga kengele za chinyimba, na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope mtoni, kisha hurudishwa nyumbani na umati unaoimba wimbo wa sioyaye. Wageni wengi hukodolea kisu macho. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi hufanywa na kejeli. Kabla ya ngariba kufika, kijana ameshasikia kwa wiki kadhaa mwoga ni nani, atachekwa vipi na atafukuziwa wapi. Anapofikishwa uani anatakiwa asimame wima na asipepese jicho. Uso wake lazima uwe mkavu.

Uso mkavu ndio pia zana ya kwanza ya mwandishi wa tashtiti. Mwandishi mcheshi anayependa wanaume wenzake huwa amejizoeza zana hiyo tangu utotoni, kwa kuwa alijua mapema kwamba kicheko kile kingeweza kumgeukia wakati wowote. Kenya imetupa mfano mmoja wa wazi, ingawa hakutoka Bungoma wala Kitale. Ni Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, 1971.

Babake alisimamia bodi ya pareto, mamake alikuwa na saluni mjini. Mama alitoka Uganda, na mwana, kwa desturi ya Kikuyu ya kumpa mtoto wa pili wa kiume jina la babu wa kuukeni, akaitwa Binyavanga, jina ambalo Mkenya yeyote angelisikia na kuuliza tena. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2011 tunakutana na mtoto wa miaka saba anayecheza mpira na kaka na dada yake. Wenzake wanajua miili yao inaelekea wapi. Yeye amezama katika maneno na sauti. Wahakiki wameipenda sehemu hiyo kama dalili ya msanii ajaye. Mimi naona pia mtoto anayewachunguza wengine ili ajue mvulana anatakiwa aendeje.

Msomaji wa Kitale atamtambua mtoto huyo. Kitale ni mji wa mahindi uliokusanya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, na ucheshi wake hutegemea sana kuigana lafudhi. Mtoto anayejua kumuiga mwalimu, mhubiri na kondakta wa matatu hupendwa na kila mtu, hadi siku wenzake wanapoanza kuuiga mwendo wake yeye. Siku hiyo wengine hunyamaza kabisa. Wachache huongeza bidii ya kuwaiga wengine, ili wao wenyewe wasitazamwe.

Ndivyo ninavyoisoma insha iliyompa Binyavanga sifa duniani, ile ya mwaka 2005 katika jarida la Granta kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika. Ilianza kama barua pepe ya malalamiko kwa jarida lenyewe. Mlalamikaji wa kawaida angekanusha: sisi hatuko hivyo. Binyavanga aliingia ndani ya ngozi ya anayetudharau na kutoa maagizo kwa utulivu wa mkufunzi: picha ya Mwafrika asiye na shida isikaribie jalada, machweo yasikosekane. Hatabasamu hata mara moja. Aliyejizoeza tangu utotoni kuiga sauti ya mwenye nguvu bila kujisaliti hawezi kushindwa na sauti ya mwandishi wa safari kutoka London.

Ucheshi wetu wa magazetini ulikuwa tayari umemzoea mwanamume anayeshindwa na uanaume. Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, alitujengea Whispers, mume anayemwogopa mkewe na kukimbilia baa. Tulimcheka kwa upendo kwa sababu ndoa yake ilikuwa dhamana: anashindwa, lakini ni wetu. Anayependa wanaume hana dhamana hiyo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, siku tatu baada ya Binyavanga kufariki. Hata hivyo, polisi hufika mara chache na kwa kuchelewa. Kicheko cha jirani hufika kila siku.

Januari 2014, akitimiza miaka 43, alichapisha sura aliyoiita iliyopotea katika kumbukumbu zake. Humo anaketi kando ya kitanda cha mamake mahututi, mwaka 2000, na kumwambia ukweli aliojua tangu akiwa na miaka mitano. Halafu anakiri kwamba hakuwapo. Alikuwa Afrika Kusini mama alipofariki. Wapo waliosema kwamba hapo ameuweka ucheshi kando. Sikubaliani nao. Ujanja wa insha ya Granta ni uleule: anasimamisha tukio ambalo halikutokea na kulisimulia kwa uso mkavu. Aliyebadilika ni anayeambiwa.

Hapo Bungoma inatupa kipimo kingine. Wabukusu wana kumuse, hotuba ya baada ya mazishi, ambapo msemaji hutembea huku na huko mbele ya waombolezaji akisimulia ukoo, akionya, akichekesha, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Kumuse ni heshima ya mzee wa kiume aliyepitia jando. Binyavanga alijitwalia ruhusa ya namna hiyo, akaitumia kwa mama aliyekuwa na saluni. Aliandika kwa Kiingereza, na kwa hiyo huenda wengi waliosikia habari zake kule Chwele au Kiminini walizipata kwa redio, zikiwa zimesimuliwa na watangazaji waliokuwa wakicheka.