Uigaji wa usambazaji wa ufunguo wa kikwanta

Uigaji wa usambazaji wa ufunguo wa kikwanta ni matumizi ya programu ya kompyuta kuonyesha jinsi watu wawili wanavyoweza kupata ufunguo mmoja wa siri kwa kutumiana fotoni, yaani chembe za nuru, bila kuwa na leza wala vitambuzi halisi. Ufunguo unaopatikana kwa njia hiyo hutumika kusimba ujumbe unaopita katika mtandao wa kawaida. Itifaki inayoigwa mara nyingi zaidi ni BB84, iliyotolewa mwaka 1984 na Charles Bennett wa Marekani na Gilles Brassard wa Kanada.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika programu mtumaji huitwa Alice na mpokeaji Bob. Alice huchagua kwa nasibu biti (0 au 1) pamoja na msingi wa kuiandikia: mtetemo wa nuru uwe wa wima na mlalo, au wa mshazari wa nyuzi 45. Bob naye huchagua msingi wa kupimia bila kujua wa Alice. Misingi ikilingana, Bob hupata biti ileile. Isipolingana, jibu lake ni kama kurusha sarafu. Baadaye hutangaziana misingi waliyotumia, bila kutaja biti, na kutupa biti ambazo misingi yake haikulingana. Fotoni 1,000 huacha biti 500 hivi.

Uigaji hupendeza zaidi anapoingizwa mdukizi, yaani anayesikiliza kwa siri, ambaye huitwa Eve. Mistari michache ya msimbo inatosha. Eve hawezi kunakili fotoni asiyoijua hali yake, hivyo huipima na kumtumia Bob nyingine. Nusu ya mara hukosea msingi, na katika nusu ya hizo Bob hupata biti isiyo sahihi. Makosa hupanda kutoka 0% hadi takriban 25%. Ili kuyaona, Alice na Bob hulinganisha hadharani sehemu ya biti zao, kisha huzitupa. Wakilinganisha biti 10 tu, Eve ana nafasi ya 5.6% ya kutoonekana kabisa, jambo linalowashangaza wanaojaribu kwa fotoni chache. Kwa biti 72 nafasi hiyo ni moja katika bilioni.

Kompyuta ndogo inaweza kazi hii kwa sababu kila fotoni huhesabiwa peke yake. Kuiga biti za kikwanta 30 zilizofungamana, kwa kulinganisha, huhitaji kutunza namba zaidi ya bilioni moja. Programu nyingi za wanafunzi huandikwa kwa lugha ya Python, mara nyingine kwa kutumia Qiskit ya IBM.

Mipaka yake

Ufunguo uliotoka katika uigaji haufai kulinda siri yoyote: nambari zake kwa kawaida ni nasibu bandia, na Alice, Bob na Eve wote wamo katika kumbukumbu ya kompyuta moja. Uigaji wa kina zaidi huongeza kelele za vitambuzi na upotevu wa nuru. Katika nyuzi nzuri za kioo, baada ya kilomita 50 hubaki takriban fotoni 10 katika kila 100.

Hata hivyo programu hujua yale tu iliyoandikiwa. Katika jaribio la kwanza la BB84 kwa vifaa halisi, mwaka 1989, fotoni zilisafiri takriban sentimita 30 hewani. Brassard alisimulia baadaye kwamba vifaa vya umeme vilitoa sauti tofauti kufuatana na mtetemo uliochaguliwa, hivyo siri ilikuwa salama kwa mdukizi kiziwi tu. Mwaka 2010 watafiti wa Norwei na Ujerumani walionyesha kuwa vitambuzi vya mitambo iliyokuwa ikiuzwa vingeweza kupofushwa kwa mwanga mkali, kisha kuamriwa kutoa majibu anayotaka mdukizi. Kiwango cha makosa hakikupanda, na kipimo kile cha 25% hakikuwa na cha kuonyesha.