Muhuri Juu ya Nyama

Ukienda buchari kununua nyama ya futari, umewahi kuuangalia ule muhuri wa wino ulio kwenye paja la ng'ombe? Maana yake, mkaguzi ameipitisha. Muhuri kama huo una kisa chake huko Chicago, Marekani. Hebu nikusimulie.

Mwaka 1865 lilifunguliwa huko soko kubwa la mifugo, Union Stock Yards. Kando yake ukakua mtaa wa viwanda vya nyama, Packingtown. Vibarua wengi walikuwa wageni maskini kutoka Lithuania, Poland na kwengineko. Mwaka 1904 waligoma kwa ajili ya mishahara, wakashindwa.

Je, wakaguzi hawakuwepo? Walikuwepo! Sheria ya 1891 iliwaweka machinjioni. Lakini kazi yao ilikuwa kutazama mnyama kama ana maradhi, basi. Nyama ikishaingia chumba cha kusaga na kutia mikebeni, hawakuwa na amri nayo.

Mwishoni mwa 1904 akaingia mtaani humo kijana wa miaka 26, mwandishi Upton Sinclair. Alikaa kama wiki saba akisikiliza vibarua, na Februari 1906 riwaya yake, The Jungle, ikatoka. Watu wakachafukwa na roho. Rais Theodore Roosevelt hakumwamini sana mwandishi, akawatuma Charles Neill na James Reynolds wakajionee wenyewe. Walikuta nini? Nyama inazolewa kwa beleshi kutoka sakafu chafu za mbao, wenye kifua kikuu wanatema mate pale pale, na mara nyingi hakuna hata pa kunawa mikono.

Tarehe 30 Juni 1906 Roosevelt akatia saini sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya vyakula na dawa. Sasa mkaguzi aliangalia mnyama kabla ya kuchinjwa, baada ya kuchinjwa, na usafi wa kiwanda chenyewe. Seneta Albert Beveridge alitaka pia mikebe iandikwe tarehe na wenye viwanda walipie ukaguzi. Yote mawili yakaondolewa. Serikali ikabeba gharama, dola milioni 3 kwa mwaka.

Sasa msomaji, hapa ndipo penye uchungu. Sinclair hakuandika kwa ajili ya nyama, aliandika kwa ajili ya kibarua. Baadaye alilalamika kwamba alilenga moyo wa watu, akapiga tumbo. Ukizisoma sheria zile mbili hutaona mshahara wa kibarua wala saa zake za kazi. Mlaji alipata muhuri wake. Aliyeikata nyama alirudi kazini kesho yake vile vile.

Kwa hivyo ukiuona muhuri, shukuru, chakula chako kimekaguliwa. Lakini yule kijana anayekukatia nyama na wewe umefunga, naye amefunga, hali yake nani ameikagua? Anza wewe. Muulize hali, na umlipe haki yake kabla jua halijatua.